Senti Zilizokatwa Kupisha Majina

Juzi mjukuu wangu Edina alikuja likizo na kompyuta yake, hizi za kufunua kama kitabu. Anafanya kazi kwenye chama cha akiba na mikopo, na kazi yake kubwa, kama nilivyomwelewa, ni kuiuliza kompyuta maswali: fulani ana akiba kiasi gani, fulani ameweka lini. Akanionyesha kwenye kioo. Mwanachama mmoja ana shilingi 1250.5. Nikamuuliza, "Hiyo tano ya mwisho ni nini?"

"Ni senti hamsini, bibi. Inaeleweka."

"Inaeleweka kwako wewe unayelala chumba kimoja na hiyo mashine. Mwenye hela anaona tano."

Akacheka, akawaambia wenzake aliokuja nao, "Bibi ameanza." Ndiyo, nimeanza. Na kwa kuwa mmeshakaa, na ndizi bado ziko jikoni, mtanisikiliza mpaka mwisho. Nyie mnaoshika hesabu za watu kwenye vioo, haya ninawaambia nyie hasa.

Mimi Leokadia nimekula mshahara wa ushirika wa kahawa hapa Kayanga tangu mwaka wa vita ya Kagera mpaka magoti yangu yalipokataa ngazi za ofisi. Niliingia nikiwa msichana mwenye mwandiko mzuri, basi, sifa nyingine sikuwa nayo. Aliyenipokea ni mhasibu wetu, Mzee Kamugisha, mtu mfupi, mkali, anayetafuna kahawa kavu toka asubuhi mpaka jioni, na akifurahi na wewe anakumegea punje mbili tatu kiganjani. Mezani kwake palikuwa na mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono. Chuma kitupu, nzito kama jiwe la kusagia, ina mpini ubavuni. Unapanga tarakimu kwa vidole, unazungusha mpini kwenda mbele inajumlisha, unazungusha kurudi nyuma inatoa, na ukitoa kuliko kilichomo inapiga kengele, ofisi nzima inakugeukia. Siku yangu ya kwanza niliipigisha kengele ile mpaka mhudumu akaleta chai, akidhani anaitwa.

Mashine ile haikujua shilingi inaishia wapi na senti zinaanzia wapi. Mzee Kamugisha akanifundisha kugeuza kila kitu kuwa senti kwanza. Shilingi nane na senti thelathini na tano, panga 835, zungusha. Nukta utaiweka mwenyewe mwisho, ukishamaliza. "Mashine inazunguka tu, binti," alikuwa akiniambia. "Kujua kwamba hii ni pesa ni kazi yako." Edina ananiambia na wao wamefundishwa hivyo hivyo, kwamba pesa uiweke kwenye aina ya namba isiyodondosha desimali, au uihifadhi kwa senti nzima. Nilifurahi kusikia. Nilidhani mmetupa kila kitu chetu.

Na Mzee Kamugisha alikuwa na swali lake moja. Ukimpelekea karatasi yenye jumla chini, anaweka kidole kwenye ile jumla, anakutazama juu ya miwani, anauliza, "Hii imezaliwa na nani?" Hapo unamwonyesha mistari, naye anaijumlisha mwenyewe, polepole, huku umesimama. Ikitofautiana hata kwa senti tano unarudi nayo mezani kwako, na kahawa siku hiyo hupewi. Nilimchukia kwa swali lile. Usiku nikiota, naota kidole chake.

Sasa niruke, maana nikianza habari za karatasi za kaboni mtasinzia. Kompyuta ilikuja miaka ya tisini ikianza anza, Mzee Kamugisha ameshastaafu na kurudi kwenye migomba yake Bweranyange. Mawe, mama yangu! Ilipewa chumba chake, pazia lake, na kitambaa cha kuifunika vumbi, ambacho nilikidarizi mimi kwa mkono wangu, maua mekundu pembe zote nne. Ukiingia unavua viatu. Mwenyekiti wa ushirika mwenyewe alivua, tukaona soksi yake ina dirisha. Umeme wa gridi haukuwepo, tuliiwasha kwa jenereta, na dizeli ikikosekana kompyuta inalala chini ya maua yangu, sisi tunarudi kwenye kalamu.

Kijana aliyekuja kuiendesha aliitwa Deusi, mwenyeji wa Kiruruma, aliyekuwa amesomea kazi hiyo Dar es Salaam. Alikuwa mwerevu kweli, mpole, na hakuna aliyemuuliza jambo akajibiwa kwa dharau. Aliwaingiza wakulima wote mle ndani: namba, jina, kilo, bei, malipo. Kioo cheusi, maandishi ya kijani. Kuna nukta moja inakusubiri pembeni, unaandika unachotaka kuona, inakuletea. Mara ya kwanza nilipoiambia iniletee wakulima wote wa Bweranyange waliozidisha kilo mia, wakamwagika pale mbele yangu, nilipiga kigelegele. Kazi ile mimi nilikuwa naifanya wiki nzima, na kidole kikiota sugu.

Ila ina visa, hata nyie mnajua. Kuna siku Deusi alijaribu kuhifadhi bei kwa aina nyingine ya namba, akaiambia ionyeshe desimali zote ilizo nazo. Bei tuliyoandika wenyewe 6.35 ikatoka 6.3499999. Nikamuuliza, "Nani ameidokoa?" Akacheka mpaka akashika meza. Akanieleza kwamba ndani mle namba zinaandikwa kwa namna yake, na baadhi hazikai sawasawa, kama debe ambalo halijai sawa kwa vikombe kamili. Akairudisha ilivyokuwa, nami nikamwamini, ila siku ile nilijua kwamba namba iliyomo ndani na namba unayoonyeshwa ni vitu viwili. Ningelishika jambo hilo vizuri zaidi, kuna mtu asingelia.

Mtu huyo ni Adventina.

Adventina alikuwa keshia wa chama kimoja cha msingi upande wa Nyakasimbi, msimu wake wa kwanza. Mjane bado kijana, watoto wawili. Baba yake aliingia kutoka Rwanda zamani akiwa kibarua wa kupalilia migomba ya watu, akajipatia kibanja, shamba lake la migomba, akazeekea hapa hapa. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi mezani kwangu, na sijaona tena mikono inayohesabu noti kwa utulivu ule. Kupata nafasi hiyo halikuwa jambo dogo. Keshia alitakiwa awe na mdhamini mwenye kibanja, na aliyemdhamini ni kaka yake, kwa kibanja kile kile cha marehemu baba yao. Pesa ikipotea, migomba na mibuni ya ukoo mzima inalipa.

Na wapo waliokuwa hawamtaki. Mzee Bitegeko, mjumbe wa kamati, mtu mwenye sauti ya kusikika kilima cha pili, alikuwa na mpwa wake aliyeitaka kazi hiyo. Sisemi ndiyo sababu. Nasema tu alikuwa na mpwa.

Chama kile kilikuwa na desturi ambayo sikuikuta kwingine. Keshia wao wa zamani aliwahi kuvuka mpaka na pesa zao, akaenda zake Uganda, mpaka leo hajaaga. Tangu hapo wakaapa: siku ya malipo, kabla noti moja haijatoka, karatasi inasomwa mbele ya watu wote mstari kwa mstari, na wajumbe watatu wanajumlisha, kila mmoja na kikokotoo chake. Jumla zao zikifanana na ya kwenye karatasi, dirisha linafunguliwa. Zisipofanana, hakuna malipo. Enzi za karatasi zetu za mkono zilifanana kila msimu, ninyi mnajua kwa sababu ya nani.

Halafu kukawa na suala la majina. Chama hicho kilikuwa na akina Yohana Rwegasira wawili. Msimu mmoja, mmoja wao alichukua malipo ya mwenzake, akayanywea pombe ya rubisi, na alipoulizwa akasema, "Waitu, ndugu zangu, jina langu limeitwa, ningeacha kuitika?" Mkutano ukaamua kuwa kuanzia hapo karatasi zije na majina matatu, la mtu, la baba na la babu, na kitongoji chake juu. Wakatuandikia, Deusi akatii.

Msimu huo, kahawa ya maganda ilishauzwa mnadani, gharama zimetolewa, na kilichobaki kikagawiwa wakulima kama malipo ya pili, shilingi sita na senti thelathini na tano kwa kila kilo. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza karatasi za malipo kutoka kwenye kompyuta. Zilipendeza, niwaambie ukweli. Tulizipitisha mkono kwa mkono ofisini kama picha ya harusi. Zikaenda vijijini pamoja na masanduku ya pesa, kila sanduku na kiasi kile kilichoandikwa chini ya karatasi yake.

Kesho yake ya siku ya malipo, asubuhi, Adventina akaingia ofisini kwangu. Alikuwa amepanda lori la ndizi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama Leo."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Akaweka karatasi mezani. "Mistari haikufanana na jumla, mama. Jumla chini inasema elfu sitini na moja mia mbili thelathini na tatu. Wajumbe wote watatu wamepata pungufu, mia moja na mbili inakosekana. Wakarudia, ikawa vile vile."

"Na sandukuni?"

"Sandukuni imo yote, kama ilivyoandikwa chini. Hata sijaligusa. Mzee Bitegeko akasimama akasema mia moja na mbili ni ya mtu aliyefichwa, jina halipo na pesa yake ipo, na mwenye kuichukua ni mimi na mwenzangu wa huku ofisini. Wamenipokonya ufunguo mbele ya watu." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Mama, naitwa mwizi wa pesa ambayo ipo!"

Nikamuuliza wamepanga nini. Akasema mkutano wa wanachama wote umeitishwa Ijumaa. Wakimkuta na hatia anafukuzwa, anapelekwa polisi, na kaka yake ataandikiwa juu ya dhamana. "Kaka hajanisema neno," akasema. "Ila jana hakula, akaenda kusimama kwenye migomba, kasimama tu."

Nyie, nilikasirika. Nilikasirika mpaka miwani ikaingia ukungu. Shilingi mia moja wakati ule haikuwa kitu cha kumpeleka mtu polisi, ungenunua nayo soda ukabaki na kiu. Lakini kwa watu waliowahi kuibiwa zote, mia inanuka kama laki. Nikaivuta karatasi, kidole kikaenda chenyewe kwenye jumla. Imezaliwa na nani? Nikaanza kuzidisha kwa kalamu, kilo mara bei. Wa kwanza ana kilo ishirini na tatu. Mimi nikapata shilingi 146 na senti tano, karatasi inasema 146. Nikamwita Deusi kwa sauti ambayo sikuwahi kumwitia.

Dizeli hakuna. Ilibidi nikamwombe dereva wa lori la kahawa, ambaye aliniambia dizeli ya ushirika haitolewi hovyo, nikamkumbusha nani anayemwandikia posho yake. Jenereta ikaunguruma, Deusi akavua viatu, na mimi nikaingia na vyangu, siku hiyo sikuwa na muda. Akaiambia kompyuta ituletee watu watatu wa kwanza, kila kitu ilicho nacho. Kwenye kioo ikatoka 146.05, 184.15, 196.85. Kwenye karatasi watu hao hao walikuwa na 146, 184, 196. Jumlisheni wenyewe. Kwenye karatasi mnapata 526. Kwenye kioo mnapata 527 na senti tano. Watu watatu tu, na shilingi moja imeshapotea. Sasa wapange wanachama zaidi ya mia mbili.

Deusi alikuwa ameshika kichwa. "Mama yangu mzazi! Nilizikata senti. Majina matatu na kitongoji hayakuenea kwenye karatasi, nikatafuta pa kupata nafasi. Jina siwezi kulikata, mkutano umeamua. Nikasema senti zenyewe siku hizi nani anazo, nikaiambia ionyeshe shilingi nzima tu."

"Na ile ya chini?"

"Ya chini inajumlisha zilizomo ndani. Ndani senti ziko zote."

Basi mnaona. Hakuna aliyekosea kuzidisha, hakuna aliyeiba, mashine imejumlisha sawasawa kabisa. Ila ilijumlisha kitu kimoja na ikaonyesha kingine. Na msidhani mngepona kwa kupandisha ile inayozidi nusu na kushusha inayopungua. Tofauti ingekuwa ndogo, na tofauti ndogo mbele ya kamati ile ni tofauti. Mwonyesheni mtu kile mnachojumlisha, au jumlisheni kile mnachomwonyesha. Edina, andika hilo.

Mimi nilitaka tuandike barua yenye muhuri. Adventina akakataa. "Barua wataniuliza niliiandika na nani. Nataka waisikie ikifanana, kwa sauti, na vikokotoo vyao wenyewe." Deusi akasema atatoa karatasi upya. Akaigusa gusa, printa ikapiga kelele yake ya cherehani, nikaichukua ya kwanza ikiwa bado moto. Nikaona mtu ana 393.7.

"Hii saba ni nini?"

"Ni senti sabini, mama Leo. Ile sifuri ya mwisho haina thamani, mashine imeiacha."

"Deusi, mwanangu. Mzee Bitegeko akisimama akasoma 'senti saba', utamwambia sifuri haina thamani, naye Adventina yuko pale anangoja polisi?"

Akakaa tena. Akaiamuru kwamba pesa, iwe na senti au isiwe nazo, itoke na tarakimu mbili baada ya nukta, daima, na nukta zote zikae mstari mmoja kwenda chini kama mibuni iliyopandwa kwa kamba. Kisha akaiambia printa ipunguze herufi zake, zikawa ndogo kama sisimizi, na majina matatu yakaenea, na kitongoji, na kilo, na pesa kamili. Nafasi ilikuwepo siku zote. Nilimtazama yule kijana, jasho linamtoka, nikataka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Nikamletea chai.

Ijumaa tukapanda gari la ushirika. Ghala la kahawa lilikuwa limejaa watu mpaka nje, wengine wamekaa juu ya magunia, na harufu ya maganda makavu inapanda puani. Kaka yake Adventina alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Adventina mwenyewe alikuwa amewekwa mbali kidogo, kiti kiko peke yake kama cha mgonjwa.

Deusi alianza kueleza. Maskini, alijitahidi, lakini alianza na fildi, akaenda kwenye rekodi, akarudi kwenye fildi, na watu wakaanza kupiga miayo. Mzee Bitegeko akasimama.

"Kijana, unatuambia hiyo kompyuta ilizijua senti, ila ikanyamaza?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi na yenyewe ni mwizi!"

Ghala zima likacheka, na kicheko kile kikanitia hofu, maana kilikuwa cha watu walioshaamua. Nikainuka. Nikasema, "Waitu, mimi sina maelezo. Nina karatasi. Chukueni vikokotoo vyenu, tusome."

Hapo hawakuwa na la kubisha, ni desturi yao. Wajumbe watatu wakakaa, Mzee Bitegeko katikati. Nikaanza kusoma. Jina, jina la baba, jina la babu, kitongoji, kilo, shilingi, senti. Kisha nikasikia mtu kule kwenye magunia anasema, "Hee, kumbe nina na senti themanini na tano!" Jirani yake akamjibu, "Mimi nina tisini, usinisogelee." Ikawa hivyo. Kila anayeitwa anangojea senti zake, wengine wanapigiwa makofi. Yohana Rwegasira wa kwanza akaitwa na babu yake na kitongoji chake, akaitika kwa adabu, na wa pili akasema kwa sauti, "Leo amejua babu yake ni nani!" Mjumbe mmoja alikuwa na kikokotoo cha kutumia mwanga, wingu likapita, namba zikaanza kufifia, akakimbilia mlangoni akikinyoosha nje kama anayeomba mvua, na mimi nikalazimika kumsomea kwa kupiga kelele.

Nikamaliza. Koo limekauka. Mwenyekiti wa chama akasema, "Wa kwanza?"

Wa mlangoni akasoma: elfu sitini na moja mia mbili thelathini na tatu, na senti tano.

"Wa pili?" Vile vile, na senti tano zake.

Mzee Bitegeko alikuwa ameinamia kikokotoo chake. Nilimwona Adventina ameshika kiti pande zote mbili. Nikawaza, huyu kama amebonyeza tarakimu moja vibaya tunarudia yote, na wakirudia watachoka, na wakichoka watamhukumu.

"Mzee Bitegeko, tusomee."

Akavua kofia. "Sitini na moja elfu," akasema taratibu, "mia mbili thelathini na tatu." Akageuza kofia mkononi. "Na senti tano."

Wanawake wakapiga vigelegele vya kupasua bati. Mimi nilipiga mpaka leso ikanianguka. Deusi alikuwa anasalimiana na watu asiowajua. Adventina hakupiga hata kofi. Alisimama, akaenda mpaka kwa mwenyekiti, akanyoosha mkono, akapewa ufunguo.

Mnadhani yaliishia hapo? Na hizi senti sasa tunazifanyaje? Sarafu za senti hazikuonekana tena mtaani, duka lolote lingekucheka. Wengine wakasema ile mia inunuliwe kufuli, wengine wakasema apewe Deusi nauli. Adventina akasema hapana. Kila mtu atalipwa shilingi zake nzima leo, na senti zake zibaki zimeandikwa kwenye jina lake, msimu ujao ziungane na nyingine. Pesa ya mtu haiwi kufuli la chama bila yeye kutaka. Wakakubali, dirisha likafunguliwa, foleni ikapangwa.

Mzee Bitegeko alikuwa wa nne au wa tano. Foleni ikapunguza maneno ili imsikie. Alikuwa na kilo mia moja arobaini na saba.

"Shikamoo, tata," Adventina akasema, kama binti kwa baba yake.

"Marahaba."

Akamhesabia shilingi mia tisa thelathini na tatu, akazisogeza. Mzee akazihesabu upya. Hakuondoka. Nadhani alikuwa hajui namna ya kuondoka, na mtu wa namna ile akikosa neno husema lile alilolizoea.

"Na senti zangu arobaini na tano?"

Adventina hakunung'unika. Akafungua sanduku, akatoa sarafu ya shilingi moja, akaiweka juu ya ubao wa dirisha katikati yao.

"Hii hapa, tata. Nipe chenji, senti hamsini na tano."

Foleni nzima ikaangua kicheko, mpaka wale wa nje wakasukumana kuuliza kumetokea nini. Mzee Bitegeko akapapasa mfuko wa koti, akatoa tumbaku. Akapapasa mwingine, akatoa punje za kahawa. Kicheko kikazidi. Adventina hakucheka. Alikuwa anamtazama tu, anangoja chenji kwa heshima zote, na kicheko polepole kikaisha, wakabaki wao wawili na ile shilingi.

Mzee akaisukuma kwa kidole kimoja, ikarudi upande wa Adventina.

"Zikae kwako, binti yangu," akasema.

Adventina akainama kuandika kwenye jina lake, senti 45, tarakimu zote mbili, kisha akamwita anayefuata.